Kilichomo Mkononi mwa Sanamu

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mawe na miti iliyochongwa kwa ukumbusho wa wafu, na habari za vitu ambavyo sanamu hizo zimeshika au zimevaa: panga, vikombe, mishipi na makombe. Labda mtu atasema, "Habari hizi zatufaa nini sisi, wakulima wa pamba na mpunga, wafugaji na wachimbaji wa dhahabu?" Namwomba mtu huyo asubiri kidogo, kwa maana mwisho wa safari yetu tutarudi papa hapa Kahama, na hapo ataona kwamba jambo hili latuhusu sana, tena halitungoji.

Na tuanze na kitu tukijuacho. Katika Unyamwezi na Usumbwa mtemi alijulikana kwa vyombo vyake vya enzi, na kimojawapo ni kibangwa. Kibangwa ni kipande cheupe cha mviringo, kikatwacho katika kitako cha konokono mkubwa wa baharini, kikasuguliwa hata kikang'aa, kikatobolewa tundu, kikavaliwa katika paji la uso au shingoni. Basi tuseme kwamba fundi mmoja wa zamani alichonga sanamu ya mtemi katika jiwe gumu, na katika paji la uso akachora duara moja. Tuseme tena kwamba miaka 800 imepita, wazee wote wamekufa, hapana mtu aijuaye lugha yetu, na mgeni mmoja amefika Kahama akaiona sanamu ile. Atasema nini?

Huenda atasema, "Hili ni jua, watu hawa waliliabudu jua." Mwenzake atamjibu, "Sivyo, huu ni mwezi, kwa kuwa nimesoma kwamba nchi hii iliitwa Unyamwezi." Wa tatu, mwenye elimu kuwapita, atatambua kwamba ni kombe la bahari, naye atasema kwa furaha, "Nimepata! Watu hawa walihamia huku kutoka pwani." Wote watatu wana akili, na wote watatu wamekosa.

Kweli ni hii. Kutoka Kahama hata pwani ni maili kama 500. Kombe lile halikuja kwa kuhama kwa watu, bali lilikuja kwa biashara, mkono kwa mkono, katika mizigo ya wapagazi. Na kwa kuwa lilitoka mbali na lilikuwa adimu, bei yake ilikuwa kubwa mno. Msafiri David Livingstone, alipokuwa katika nchi ya Walunda mwaka 1854, aliandika kwamba huko makombe mawili ya namna hii yalitosha kununua mtumwa, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Wasumbwa nao walisafiri sana kwenda Katanga kutafuta shaba, na Msiri, aliyetawala Garenganze hata alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, asili yake ilikuwa huku kwetu. Huko Katanga nako kombe hili lilikuwa alama ya enzi. Basi duara dogo katika paji la uso lina habari nyingi ndani yake: safari, biashara, mali na utawala. Lakini ni nani angeweza kuzijua habari hizo kwa kulitazama duara tu?

Hiyo ndiyo shida ya kila asomaye sanamu za kale. Jiwe humwonyesha kitu, lakini halimwambii kitu hicho kilikuwa na maana gani kwa wenyewe. Maana walikuwa nayo watu, na watu wamekufa. Je, njia ya kuipata ipo? Ipo, wala si rahisi. Ili tuione vema, natuondoke Kahama twende mahali patatu: pa kwanza ambapo shahidi hakubaki, pa pili ambapo mashahidi wachache walibaki, na pa tatu ambapo mashahidi wangali hai.

Mahali pa kwanza ni Tiya, katika nchi ya Uhabeshi, kusini ya mji wa Addis Ababa, mwendo wa maili kama 50. Hapo kuna mawe marefu 36 yaliyosimamishwa, na 32 kati ya hayo yamechorwa. Mwaka 1980 yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mawe hayo hayana uso wala mikono kama mtu. Lakini juu yake zimechorwa panga, zilizo wazi kabisa, na kila atazamaye huzitambua. Pamoja na panga ziko duara, na tena iko alama nyingine yenye matawi, ambayo wengine husema ni mmea wa ensete, ndio ule unaofanana na mgomba, ambao watu wa huko hula shina lake na mizizi yake. Alama nyingine bado hazijafasiriwa.

Watu wa nchi ile walikuwa na maelezo yao. Walisema kwamba mawe hayo ni ya Ahmad Gragn, yule shujaa Mwislamu aliyepigana na wafalme wa Uhabeshi, akauawa vitani mwaka 1543. Ni maelezo mazuri, kwa maana Gragn alikuwa mtu wa upanga, na mawe yana panga. Lakini wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua chini ya mawe, waliona makaburi, na ndani ya makaburi mifupa ya wanaume na wanawake, wengi wao vijana wa miaka 18 mpaka 30, waliozikwa wamejikunja kama mtoto alalavyo tumboni mwa mamaye. Na walipoupima umri wa makaburi yale, waliona kwamba ni ya kale kuliko Gragn, kwa zaidi ya miaka 100. Basi jina la shujaa lilitiwa baadaye, na watu waliokuta mawe yamesimama wala hawakuwajua wenyewe.

Hapa natupate funzo la kwanza. Hadithi za mahali ni mali, tena zastahili kuandikwa. Lakini shahidi mzuri ni yule aliyekuwapo, au aliyesikia kwa aliyekuwapo. Mtu aliyezaliwa miaka mia baadaye, akaona panga katika jiwe, akamfikiri shujaa amjuaye, huyo si shahidi. Ni mfasiri kama sisi.

Na panga zenyewe je? Wako waliosema kwamba kila upanga ni adui mmoja aliyeuawa na mtu wa kaburi. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia upanga ni alama ya cheo, au ya ukoo, au ya umri wa askari. Jiwe lenyewe halichagui katika maneno hayo. Tumejua kwamba mawe ni ya makaburi, tumejua waliozikwa ni watu wa namna gani, na tumejua kwamba hayakuwekwa kwa ajili ya Gragn. Hayo tuliyapata kwa jembe na kwa vipimo. Lakini maana ya upanga hatuna wa kumwuliza.

Sasa natuvuke bahari twende mbali zaidi, katika nyika kubwa ya majani ianzayo Mongolia, ikapita Kazakhstan na Kirgizistan, hata ikafika kaskazini ya Bahari Nyeusi. Nchi hiyo tangu kale ilikaliwa na wafugaji wa farasi na kondoo. Kati yao walikuwako Waturuki wa kale, ambao walianzisha dola yao mwaka 552. Msidhani kwamba nasema habari za nchi ya Uturuki peke yake; Waturuki wa leo na makabila mengi ya nyika ile ni jamaa wa lugha moja, na nyumbani kwao kwa asili ni huko mashariki.

Katika nyika ile yamesimama mamia na mamia ya sanamu za mawe. Sanamu za zamani zaidi, kama za miaka ya 500 mpaka 800, mara nyingi ni za mwanamume mwenye masharubu, mkono wa kuume ameshika kikombe mbele ya kifua, na mkono wa kushoto ameuweka juu ya upanga au mshipi. Sanamu za baadaye, za watu walioitwa Wakumani au Wapolovtsi, za miaka ya 1000 mpaka 1200 na kitu, ni za wanaume na za wanawake pia, nao hushika chombo kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

Basi wataalamu waliuliza swali lile lile tuliloliuliza juu ya kibangwa. Kikombe hiki ni cha nini? Tena, mtu huyu ni nani? Majibu yakawa mawili. Wa kwanza walisema: Huyu ni marehemu mwenyewe. Ameketi katika karamu ya matanga yake, na kikombe kile ni sehemu yake ya kinywaji. Jamaa hula na kunywa, naye hula na kunywa pamoja nao. Wa pili walisema: La, huyu ni adui aliyeuawa na marehemu. Amesimamishwa kaburini ili amtumikie mshindi wake huko aliko, na kikombe kile amekishika kama mtumishi ashikavyo kikombe cha bwana wake.

Angalieni, rafiki zangu, jinsi jambo hili lilivyo la ajabu. Kikombe ni kile kile, mkono ni ule ule. Lakini kwa jibu moja mtu wa jiwe ni bwana, na kwa jibu la pili ni mtumwa. Hapana tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo. Hapo ndipo tuonapo kwamba kumfasiri mtu vibaya baada ya kufa kwake ni kumdhulumu. Huenda twamfanya mtumwa mtu aliyekuwa mkuu.

Wakamaliza vipi ubishi? Waliwatafuta mashahidi, nao wakapata watatu. Shahidi wa kwanza ni vitabu vya Wachina, waliokuwa jirani na adui wa Waturuki. Vitabu hivyo husema kwamba Mturuki akifa, huwekewa kaburini mawe kwa hesabu ya watu aliowaua. Kila mtu aliyeuawa, jiwe moja. Shahidi wa pili ni Waturuki wenyewe. Mwaka 731 alikufa mwana wa mfalme aitwaye Kul Tigin, na mwaka 732 nduguye, Bilge Kagan, alisimamisha jiwe lenye maandishi katika bonde la mto Orkhon, huko Mongolia, kwa ukumbusho wa marehemu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuyasoma, hata mwaka 1893 mtaalamu wa Denmark, Vilhelm Thomsen, alipofumbua herufi zake. Ndani yake mfalme aeleza kwamba baba yao alipokufa, adui mmoja aitwaye Baz Kagan aliwekwa awe balbal, yaani jiwe la adui. Na kweli, mbele ya makaburi ya Waturuki iko safu ya mawe yasiyochongwa, yaelekeayo mashariki, jiwe baada ya jiwe.

Basi wataalamu wengi wakaona kwamba maneno yote mawili yana mahali pake. Mawe ya safu, yasiyo na uso, ndiyo maadui. Bali jiwe lililochongwa vizuri, lenye masharubu na mshipi na kikombe, ndilo marehemu mwenyewe. Watu walikuwa wamechanganya mawe ya namna mbili, kwa sababu walilitazama jiwe moja moja, wasitazame mahali pote pamoja.

Shahidi wa tatu ni padri mmoja, William wa Rubruck, aliyetumwa na mfalme wa Ufaransa, akapita katika nchi ya Wakumani mwaka 1253. Aliona kwa macho yake, akaandika kwamba watu hao humrundikia maiti kilima kikubwa cha udongo, na juu yake humsimamishia sanamu, imeelekea mashariki, imeshika kikombe mbele ya kitovu. Ni ushahidi wa thamani sana. Lakini tazameni upungufu wake. Padri alikuwa mpita njia. Alitueleza kikombe kiko wapi na uso umeelekea wapi, ila hakutueleza kinywaji kilikuwa cha nani wala watu walisema nini walipokuwa wakikitia. Laiti angeshuka farasini akamwuliza mzee mmoja maswali mawili tu! Maswali hayo hayakuulizwa, na Wakumani walitawanywa na Wamongolia, na sasa yamepita miaka zaidi ya 770.

Lakini hata vitu vyenyewe vilivyochongwa vilitoa msaada wao. Katika makaburi ya nyika ile vimefukuliwa vikombe vya fedha, na mishipi yenye kamba ndogo ndogo zinazoning'inia, na panga, vyote vya umbo lile lile la sanamu. Kwa hiyo mtaalamu akiona katika jiwe kikombe chenye mguu na shingo ya namna fulani, huweza kukilinganisha na kikombe cha kaburini ambacho umri wake wajulikana, akajua sanamu ni ya karne ipi. Na mshipi uliopambwa sana hudokeza kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa cheo. Ndiyo sababu nasema mtazame kwanza kilichomo mkononi mwa sanamu: fundi huweza kuuchonga uso kwa mazoea tu, bali kikombe hukichonga kama akijuavyo nyumbani.

Sasa natuje mahali pa tatu, karibu na kwetu, katika pwani ya Kenya. Huko wanakaa Wamijikenda, yaani makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Waribe. Wagiriama na baadhi ya ndugu zao walikuwa na chama cha wazee wenye mali na heshima kiitwacho Gohu. Mtu wa Gohu akifa, huchongewa kigango, yaani ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, wenye kichwa juu na mwili uliopambwa kwa pembetatu ndogo ndogo zilizochimbwa kwa patasi. Mtu asiyekuwa wa Gohu huwekewa kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi, kiitwacho koma. Kigango hakichongwi siku ya maziko. Mara nyingi marehemu huja katika ndoto kwa jamaa yake, au ugonjwa huingia nyumbani, au mvua hukataa. Ndipo jamaa huenda kwa mganga, naye husema kwamba mzee yule ataka asimamishiwe mti wake. Kikiisha kusimamishwa, hufungwa vitambaa vya rangi, na jamaa humwagia tembo chini yake na kumwambia mzee shida zao.

Mgeni atokaye mbali, akikiona kigango peke yake, huona ubao tu wenye kichwa na pembetatu. Hauoni mkono, wala kikombe, wala upanga. Angeweza kusema kwamba ni mlango wa nyumba. Lakini ukimwuliza mzee wa Kigiriama, atakwambia ubao huu ni wa nani, ulichongwa kwa sababu gani, na kwa nini wa jirani ni mfupi. Tena atakwambia jambo ambalo jiwe la nyika lisingeweza kumwambia padri: kinywaji ni cha marehemu, na mtoaji ni mwanawe. Kikombe ambacho Mturuki alikichonga katika mkono wa sanamu, Mgiriama hukileta kwa mkono wake mwenyewe. Sisemi kwamba mila hizi mbili ni moja. Nchi ni mbali na watu ni mbali. Kufanana si ushahidi. Lakini kufanana hutupa swali zuri la kuuliza.

Tena mila ya Wamijikenda husema kwamba kigango kikiisha kusimamishwa hakihamishwi. Wenyewe wakihama, hukiacha mahali pake hata kioze. Kwa bahati mbaya, tangu miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanya biashara, vikapelekwa ng'ambo, vikatundikwa ukutani kama urembo. Huko hapana ajuaye majina yao. Kigango kilichong'olewa kimekuwa kama jiwe la Tiya: kinaonekana, lakini hakisemi.

Ila kuna kisa kimoja ambacho ni lazima niwasimulie. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Marekani, Monica Udvardy, alikuwa akijifunza mila za Wamijikenda, naye alimpiga picha mzee mmoja amesimama karibu na vigango viwili vya nduguze. Muda si mwingi vigango vile vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikitambua kimoja katika nyumba ya makumbusho ya jimbo la Illinois, huko Marekani, na baadaye cha pili kikaonekana katika chuo cha Hampton, Virginia. Picha ile ikawa shahidi. Mwaka 2007 kigango kilichokuwa Illinois kilirudishwa kwa jamaa, kikapokewa kwa sherehe. Picha moja, pamoja na jina la mwenyewe na jina la mahali, vilishinda bahari nzima.

Haya, ndugu zangu, safari yetu imetimia. Natuteremke Isaka, turudi nyumbani Kahama. Nilisema kwamba jambo hili latuhusu, na sasa nataka kuwaonyesha.

Katika nyumba ya makumbusho ya Berlin, Ujerumani, kiko kiti cha enzi cha Kinyamwezi. Kilikuwa cha mtemi wa Buruku, katika nchi ya Unyanyembe, upande wa Tabora. Kilichukuliwa mwaka 1898 na afisa wa Kijerumani, Werner von Grawert. Urefu wake ni kama sentimita 107, na mgongo wake ni mrefu. Nyuma, mahali ambapo mtemi huegemea, limechongwa umbo la mtu. Watu wa dunia nzima wamekisifu kiti hicho, na picha yake imetiwa katika vitabu vingi vya sanaa ya Afrika. Jina la afisa limeandikwa, mwaka umeandikwa, mahali pameandikwa. Jina la fundi halikuandikwa.

Na yule mtu wa mgongoni ni nani? Je, ni babu wa ukoo, amlindaye mtemi kwa nyuma? Je, ni mtemi wa kwanza? Je, ni mtu wa kubeba, kama wale maadui wa Waturuki, aliyewekwa chini ya mshindi wake? Ni swali lile lile la kikombe: bwana au mtumwa? Katika mwaka 1898 walikuwako watu mamia katika Unyanyembe walioweza kulijibu kwa neno moja. Wengine huenda walikuwa wamesimama papo hapo kiti kilipobebwa. Hawakuulizwa, na sasa wote wamelala makaburini.

Utemi nao ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1963. Sisemi habari hiyo ili tuulilie utemi. Nchi ilichagua njia yake. Nasema ili tuhesabu miaka. Mtu aliyekuwa na miaka 20 katika mwaka 1963, akaona kwa macho yake mtemi amevaa kibangwa, ngoma zikipigwa na vyombo vikitolewa, leo amevuka miaka 80. Huyo ndiye shahidi wetu. Yuko Msalala, yuko Ushetu, yuko Kahama mjini katika nyumba ya mjukuu wake, ameketi barazani na fimbo yake. Sisi hatuna shida ya Tiya, ambako shahidi hayuko, wala hatuna shida ya yule padri aliyepita njia. Sisi tunao mashahidi, lakini ni kwa siku chache.

Basi mwanafunzi, au kijana yeyote ajuaye kuandika, nampa kazi. Nenda kwa babu au bibi kwa adabu, umsalimu kama ipasavyo, wala usiwe na haraka. Kama nyumbani kuna kitu cha kale, kigoda, kengele ya chuma, jembe la zamani la mhunzi, ngoma au kibangwa, mwombe akueleze. Kwanza uliza jina la kitu katika lugha ya nyumbani, ukaliandike kama alivyolitamka. Pili, uliza ni cha nani na kilitoka wapi. Tatu, uliza kilishikwa kwa mkono upi, kilivaliwa mahali gani, kiliwekwa upande gani wa nyumba, na nani alikatazwa kukigusa. Kwa maana mmeona jinsi mkono na upande wa mashariki ulivyokuwa na maana katika sanamu za nyika. Nne, uliza maneno yaliyosemwa kilipotumiwa. Tano, umwulize yeye mwenyewe amejuaje: aliona, au aliambiwa, na aliambiwa na nani. Swali hilo la mwisho msilisahau, maana ndilo litenganishalo shahidi na mfasiri.

Mkiisha, andikeni jina la mzee kama akipenda, na tarehe, na kijiji. Wazee wawili wakipingana, andikeni maneno ya wote wawili, wala msichague lililo tamu zaidi. Na kama mwataka kuona jinsi vitu vya kale vinavyotunzwa pamoja na maelezo yake, iko nyumba ya makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement. Ngoma za watemi ziko huko, na watoto wa shule huenda kuzitazama.

Nanyi wachimbaji wa dhahabu, nawapa neno lenu. Ninyi mnafukua ardhi kuliko wachimbuzi wote wa mambo ya kale. Mkikuta shimoni chungu, ushanga, jembe la kale au mifupa, msikitupe wala msikiuze kwa mpita njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu hivyo. Kiacheni mahali pake, mkapeleke habari kwa serikali ya kijiji. Ushanga uliotolewa shimoni usijulikane ulilala wapi, na pamoja na nini, umekuwa ushanga tu. Bali ushanga ulioonwa mahali pake, karibu na mfupa na chungu, ni kama neno lililo katikati ya sentensi.

Mfalme wa Waturuki alimsimamishia nduguye jiwe lenye maandishi, na kwa sababu hiyo leo, baada ya miaka 1,200 na zaidi, twajua marehemu aliitwa Kul Tigin. Maelfu ya wengine wamesimama nyikani na vikombe vyao, nasi hatujui jina la hata mmoja wao. Tofauti kati yao ni mtu mmoja aliyeandika. Leo jioni, katika nyumba yako, penseli na daftari ya shule zinatosha.

Wasalimuni wazee.